Tunakunywa Ukingo wa Ziwa: Mwongozo kwa Wanaofanya Kazi Mwambao wa Kigoma na Ujiji

Mwongozo huu ni wa watu ambao kazi huwafikisha majini kila siku: wavuvi na wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi, Katonga na Ujiji, manahodha wa boti za abiria, mafundi wa injini, wakamuaji wa mawese, mama lishe, wachota maji wa mikokoteni, na wenye hoteli na fukwe za kuogelea. Hauchukui nafasi ya sheria wala ya maelekezo ya afisa afya wa kata yako. Unaeleza mambo yanayofanyika mikononi mwenu kila siku, na sababu yake, kwa kuwa katazo lisilo na sababu husahaulika upesi.

Tuanze na kauli ambayo kila mtu wa mwaloni ameisikia: "Ziwa hili, ndugu yangu, huwezi kulichafua ukalimaliza." Ukitazama takwimu, msemaji anaonekana kuwa na haki. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake inayolizidi kwa kina. Mtu atadhani oili ya dumu moja katika maji mengi kiasi hicho ni sawa na chozi baharini.

Kosa la kauli hiyo liko mahali pawili. Kwanza, hakuna anayekunywa maji ya kina hicho. Ukishuka mita 100 hadi 200 hewa ya oksijeni imekwisha, samaki hawaishi huko, na maji ya chini hayachanganyiki kirahisi na ya juu. Tunachota, tunaogelea na kuvua katika tabaka la juu, tena mara nyingi katika mita chache za ukingo, palepale tunapofua, kuosha samaki na kutia nanga. Pili, ziwa hili halina njia kubwa ya kutokea maji. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, nao huchukua sehemu ndogo. Maji mengi huondoka kwa kupanda juu kama mvuke. Sasa fikiria sufuria inayochemka: maji yanapungua, chumvi inabaki. Jua la Kigoma huchukua maji na kutuachia oili, risasi ya betri na dawa za shambani. Wataalamu hukadiria kuwa tone la maji hukaa humu kwa miaka mia kadhaa kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo unapopima kazi yako, usiipime kwa ukubwa wa ziwa. Ipime kwa ukubwa wa ghuba. Ghuba ya Kigoma imezibwa na ardhi karibu pande zote, ina bandari, ina mji juu ya vilima vyake, na mvua ikinyesha kila mfereji wa mji huo unamwaga humo.

Choo kwanza

Mwezi Mei 2015 kijiji cha Kagunga, mpakani na Burundi, kilipokea wakimbizi makumi ya maelfu katika muda wa wiki chache. Anayeifahamu Kagunga anajua ilivyo: mlima mkali nyuma, ziwa mbele, na kati yake ukanda mwembamba wa mchanga. Wakati ule barabara ya gari haikuwepo. MV Liemba, ile meli iliyounganishwa hapa Kigoma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilitia nanga mbali na ufukwe, watu wakapelekwa kwake kwa boti ndogo, kisha wakaletwa mjini mamia kwa mamia. Waliobaki wakisubiri zamu yao walikunywa maji ya ziwa, na vyoo havikutosha, hivyo wengi walijisaidia pembeni mwa maji hayohayo. Kipindupindu kilizuka. Hadi kuelekea mwisho wa mwezi huo wagonjwa walikuwa wamekaribia 3,000 na waliofariki walizidi 30, wengi wao wakimbizi, na wenyeji nao hawakusalimika.

Kagunga ilikuwa dharura, lakini namna ugonjwa ulivyosafiri haikuwa ngeni. Kinyesi, ukingo, ndoo, kinywa. Njia hiyohiyo iko wazi kila siku katika mwalo wowote usio na choo, ila kwa idadi ndogo. Tena maji yetu yana sifa moja ambayo wengi hawaijui: yana alkali, pH yake inakaribia 9, na kijidudu cha kipindupindu huvumilia alkali kuliko vijidudu vingine vingi vya tumboni. Uvira na Kalemie, ng'ambo ya ziwa, zimekuwa zikirudiwa na ugonjwa huu kwa miaka mingi. Boti na mitumbwi haiishi kwenda na kurudi kati yao na sisi.

Kwa hiyo mwalo usio na choo kinachofanya kazi usihesabiwe kuwa mwalo uliokamilika. Kamati ya mwalo au BMU iweke choo mbali na maji, chenye ndoo ya kunawia na sabuni, na ilipe mtu wa kukisafisha. Choo kisicho na msafishaji hukimbiwa ndani ya wiki mbili, watu wakarudi kwenye mawe. Pesa za kumlipa zinaweza kutoka katika ushuru wa chombo. Mahali ambapo jambo hili limeachwa kwa "wahisani" huwa linangojea wahisani.

Nahodha wa boti inayotoka Kibirizi kwenda Mwamgongo au Kagunga anabeba watu, watoto na wajawazito kwa saa nyingi. Panga vituo kwenye vijiji vyenye choo, utangaze kabla ya kuondoka. Kwa wavuvi wanaolala majini na taa, ndoo yenye mfuniko na majivu kidogo hutosha. Ikamwagwe chooni alfajiri, isimwagwe njiani. Najua hapa kuna watakaocheka. Basi wajiulize dagaa wanaovuliwa usiku huo huoshwa kwa maji gani.

Ziwa hupanda

Watalii wanaokwenda Ujiji kuona kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, hushangaa kuikuta imekaa mbali na maji, ilhali zamani pwani ilikuwa karibu nayo. Ziwa ndilo lililosogea. Wakati ule kinywa cha Lukuga kilikuwa kimezibwa na tope na majani, maji yakajaa. Mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka takribani mita 10. Tangu hapo limekuwa likipanda na kushuka. Katika miaka ya karibuni limepanda tena, na wakazi wa mwambao wameona maji yakiingia masokoni, majumbani na, jambo linalohusu mwongozo huu zaidi, vyooni.

Shimo la choo lililochimbwa mita 15 kutoka kwenye maji mwaka wa ukame linaweza kuwa ndani ya maji mwaka wa mvua. Hapo hakuna tena choo. Kuna bomba la kinyesi lisilo na koki. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi huichukulia sheria hii kama ya kuwasumbua wenye mabanda. Kwa ziwa lenye tabia ya Tanganyika, mita 60 ni tahadhari ya kawaida kabisa, na penye mteremko mdogo kama Ujiji bado ni chache.

Kama choo chako kimefikiwa na maji, usikifukie kwa mchanga ukadhani umemaliza. Acha kukitumia, mjulishe afisa afya, tope linyonywe kabla maji hayajazidi, kisha shimo litiwe chokaa na kufungwa. Choo kipya kichimbwe juu zaidi, na sakafu ya shimo isiguse maji ya ardhini. Ukichimba ukakuta unyevu, inua choo juu ya ardhi kwa matofali. Gari la kunyonya majitaka lipelekwe mahali palipoidhinishwa na halmashauri au Mamlaka ya Maji, KUWASA. Dereva anayemwaga mferejini usiku amehamisha choo chako hadi kwenye ndoo ya jirani.

Oili, mawese na dagaa

Injini nyingi za kupachika hapa huchanganya petroli na oili, na sehemu ya mchanganyiko huo hutoka bila kuungua. Hilo fundi hawezi kulizuia lote. Analoweza kuzuia ni mwagiko wakati wa kujaza na wakati wa matengenezo. Jaza tenki nchi kavu, kwa faneli, tenki likiwa limeshushwa chomboni. Injini ifunguliwe juu ya trei au bati lililokunjwa kingo, mbali na mstari wa mawimbi. Oili chafu ikusanywe kwenye dumu lenye alama, iuzwe au ikabidhiwe kwa wanaoikusanya. Kuipaka kwenye mbao za mtumbwi ni mazoea ya zamani, lakini mbao hizo huirudisha majini kidogokidogo. Betri za taa za sola zilizokufa zirudi kwa muuzaji. Nyingi zina risasi, na risasi haichemki ikaisha wala haichujwi kwa kitambaa. Pikipiki, bajaji na magari visioshwe ziwani kwa hali yoyote.

Wakamuaji wa mawese wana tatizo la namna yao. Maji yanayobaki baada ya kuchemsha na kukamua chikichi huonekana kama supu tu, kitu cha asili, hayana dawa wala sumu. Lakini yana mafuta na mabaki mengi, na vijidudu vinavyoyaozesha hula oksijeni ya maji yote yaliyo karibu. Kijito kidogo kinaweza kufa kwa siku moja ya ukamuaji. Weka mapipa mawili au matatu yanayopokezana: la kwanza hutulia, mafuta yakaelea ukayakusanya, maji ya katikati huingia pipa la pili, ya mwisho, yakishapoa, humwagwa shambani kwenye shimo la mboji. Mafuta hayo ya kuelea hufaa kwa sabuni, na mkamuaji aliyejaribu atakuambia kuwa pipa la pili hujilipa. Makapi ni kuni.

Wachuuzi wa dagaa waoshe samaki kwa maji ya bomba au yaliyotiwa dawa, na waanike kwenye chanja badala ya mchangani. Matumbo ya migebuka na kuhe yaende shimoni au kwa wafugaji. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini nyavu zilizochakaa bado zinaachwa kwenye mawe, zikusanywe. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, vyombo vililala nchi kavu miezi mitatu. Ikiwa kipindi kama hicho kitarudi, kitumike kukarabati choo, chanja na mahali pa kujazia mafuta, kabla watu hawajarudi majini wakiwa na haraka.

Udongo nao ni uchafu

Baada ya mvua kubwa, tazama mahali mto Luiche unapoingia ziwani, kusini mwa Ujiji. Maji huwa ya hudhurungi hadi mbali. Udongo huo umetoka kwenye vilima vilivyolimwa bila makinga na kwenye miteremko iliyokatwa miti. Ukifika ziwani hufunika mawe ambako samaki wadogo hula na kuzaliana. Kwa mnywaji, chembe za udongo hubeba vijidudu na kuvificha dawa isivifikie. Mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall ulianza mwaka 1994 katika vijiji vya mkoa huu baada ya kuonekana kuwa misitu ya Gombe haiwezi kulindwa huku vilima vinavyoizunguka vikiporomoka. Mkulima wa kilimani alipewa nafasi mezani, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Anayelima bonde la Luiche aache ukanda wa matete na nyasi kando ya mto, alime kukingama na mteremko, na asioshe bomba la kupulizia dawa mtoni.

Maji ya kunywa

Wachota maji na mama lishe, sehemu hii isomeni mara mbili.

Maji ya ziwa hung'aa, hasa kiangazi, na kung'aa kwake ndiko kunakotudanganya. Maji salama ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata kijidudu kimoja cha E. coli katika mililita 100, na jicho haliwezi kukiona. Maji ya bomba ya KUWASA ndiyo yapewe kipaumbele. Pale yasipofika, chota kwa boti mbali na ukingo, mbali na bandari, mwalo na mdomo wa mfereji, na usichote kwa siku mbili au tatu baada ya mvua kubwa. Mvua za kwanza za mwaka ndizo chafu kuliko zote, kwa kuwa zinafagia miezi mitano ya kiangazi.

Kuchemsha ndiyo njia ya uhakika. Yakishatokota sawasawa kwa dakika moja inatosha. Tuko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, hatuko mlimani.

Ukitumia vidonge vya klorini kama WaterGuard, fuata kipimo cha pakiti, lakini zingatia pH. Sehemu ya klorini inayoua vijidudu kwa nguvu hupungua kadiri alkali inavyopanda. Kwenye maji ya pH 7 ni takribani robo tatu ya klorini yote. Kwenye pH 9 haifiki asilimia 5. Nusu saa inayoandikwa kwenye maelekezo mengi imekusudiwa maji yenye pH chini ya 8. Kwa maji ya Tanganyika subiri saa moja au zaidi, ndoo ikiwa imefunikwa, kabla ya kunywa. Usiongeze vidonge kiholela, ongeza muda. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, uyamimine taratibu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa. Anayeuza maji kwa madumu ayaoshe kwa klorini kila juma, na kamwe asitumie dumu lililobeba petroli, hata likioshwa mara kumi.

Kuna jambo ambalo kuchemsha hakulitatui. Upepo wa kusini unapotulia kuelekea mwisho wa kiangazi, mwezi Septemba hadi Novemba, wakati mwingine maji hupata utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Huo ni mwani, na baadhi ya aina zake hutoa sumu ambayo moto hauiondoi. Usichote hapo, usiogelee, na mbuzi wasinyweshwe.

Wenye fukwe na waogeleaji

Imekuwa desturi kuwaambia wageni kwamba ziwa letu halina kichocho. Si kweli. Kichocho cha tumbo kipo katika mwambao huu, na hata nyani wa Gombe wamekutwa nacho. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa majini, vimelea huingia kwenye konokono wa majini, kisha hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia, yenye majani na tope. Kwenye mawe na mchanga unaopigwa na mawimbi, kama ilivyo sehemu nyingi za ufukwe wa Jakobsen, hatari hupungua ingawa haiishi. Mwenye ufukwe ang'oe majani ya majini kwenye eneo la kuogelea, aweke vyoo na bafu vya kutosha, na asiruhusu bomba la jikoni kumwaga karibu. Mgeni aambiwe ukweli: aepuke maji ya kina kifupi yenye majani, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana vimelea vinapotoka kwa wingi, na ajifute kwa taulo mara anapotoka.

Maji ya kuogea yaliyokaa siku mbili kwenye tanki lisilo na konokono hayana tena vimelea hai vya kichocho. Hoteli inaweza kujipanga kwa matenki mawili ya kupokezana, moja likitumika jingine likikaa. Wafanyakazi wanaoingia majini kila siku, wapiga mbizi, waosha vyombo na wavuvi, wapimwe kila mwaka. Dawa ni prazikwanteli, ipo hospitalini.

Ukiona tatizo

Kiwanda, gereji au hoteli inayotiririsha majitaka ziwani au mtoni inatakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako hapa Kigoma. Mwananchi ana haki ya kuuliza kama kibali kipo. Choo na kipindupindu ni vya afisa afya. Bomba la maji safi lililopasuka au lenye harufu ni la KUWASA. Vijijini ni RUWASA. Suala likivuka mpaka, nchi nne za ziwa hili zina Mkataba wa mwaka 2003 na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye ofisi Bujumbura, lakini usiruke ngazi: anza na mtendaji wa mtaa, kwa maandishi.

Taarifa nzuri huwa fupi. Andika mahali kwa jina ambalo kila mtu analijua, tarehe na saa, rangi na harufu ya maji, upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi, na kama mvua ilinyesha siku mbili zilizopita. Piga picha mbili, moja ya maji na moja inayoonyesha mti au jengo la jirani. Usichukue sampuli kwa chupa ya soda ukaipeleka maabara kesho yake. Majibu yake hayatakuwa na maana. Mpigie mtaalamu aje na chupa yake iliyosafishwa, achukue sampuli palepale, na aifikishe maabara ikiwa baridi siku hiyohiyo.